Binti wa Tanga kwenye nyumba ya Kiitaliano: jibu kwa mwanafunzi anayekwenda Bologna

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwetu Tanga. Nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Julai. Ofisi ya huko imenipangia familia ya kuishi nayo: mama mmoja mstaafu na binti yake mkubwa. Baba anasema ni heri nikapange chumba na wanafunzi wenzangu, nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, na Ramadhani itanikuta huko huko. Sijawahi kutoka nje ya nchi. Naogopa chakula, naogopa kuwaudhi, na hata sijui huyo mama nimwiteje. Halafu nibebe zawadi gani? Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nianze na baba, maana yeye asiporidhika haya mengine yote ni maneno matupu.

Mwambie wasiwasi wake naujua, ila Bologna si mji wa kupanga chumba kwa miezi mitano. Chuo unachokwenda kinahesabu umri wake tangu mwaka 1088, mji umejaa wanafunzi, na vyumba ni vichache tena ghali. Halafu kuna sheria. Mkataba maalumu wa upangaji wa wanafunzi unaanzia miezi sita hadi miaka mitatu; wewe wa miezi mitano hufiki hata kima cha chini. Upo mkataba mwingine wa muda mfupi, lakini mwenye nyumba mwenye foleni ya wapangaji mlangoni hana haraka ya kumwandikia mtu anayeondoka Julai. Anaruhusiwa pia kudai amana ya kodi ya hadi miezi mitatu, na ukishapanda ndege kuirudisha amana hiyo ni kazi. Ndiyo maana wengi wa muhula mmoja huishia kwenye vyumba vya makubaliano ya mdomo, na bila karatasi utahangaika kwenye kibali cha kuishi, jambo ambalo nalifikia. Sijagusa bado matapeli wanaobandika picha za chumba kizuri mtandaoni na kutaka pesa itumwe kabla hujauona hata mlango.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye baba yako, ningekuruhusu uende kwa familia. Lakini uende ukijua unaingia wapi.

Kwanza futa ile picha ya familia ya Kiitaliano yenye bibi, babu, wajomba na watoto kumi na wawili kwenye meza ndefu. Italia ya leo ina watoto wachache: mwaka 2024 walizaliwa chini ya 370,000 katika nchi ya watu karibu milioni 59. Nyumba nyingi zinazopokea wanafunzi ni kama hiyo yako, mama aliyestaafu, pengine mjane, ana chumba kilichobaki wazi na pensheni isiyotosha. Binti mkubwa kuwa bado yuko kwa mama yake usimshangae wala usimhurumie. Vijana wa huko wengi huondoka kwao wakikaribia miaka 30.

Pili, karibu kila familia ya namna hii inalipwa, ama na wewe au na mpango uliokupeleka. Usione haya kuliulizia. Uliza kwa maandishi kabla hujasafiri: ni nusu huduma, yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku, au na mchana pia? Nguo zangu zitafuliwa mara ngapi kwa wiki? Intaneti imo? Naruhusiwa kupika? Nikisafiri wikiendi, chakula ambacho sikula kinahesabiwaje? Mama wa Kiitaliano hatakuona mchoyo ukiuliza hayo. Atakuona mtu mzima.

Na hapa ndipo penye tatizo la wanafunzi wetu wengi. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hachagui chakula, haulizi gharama, halalamiki baridi, na akishakula anawapa wenyeji nafasi yao anakwenda chumbani. Adabu hiyo hiyo kule inasomeka kinyume. Binti anayejibu "ndiyo, asante" kwa kila kitu, anayeangalia chini akiongea na mkubwa, anayefunga mlango wa chumba saa tatu kasoro, kwa mwenyeji wake anaonekana hana furaha, au amekasirika, au anaiona nyumba kama hoteli. Mama anampigia simu mratibu: "Sijui nimemkosea nini huyu mtoto." Na mtoto naye analia chumbani kwa sababu amekula kwa wiki mbili kitu asichokipenda kwa kuogopa kuwaudhi. Nimezipokea simu za pande zote mbili, kuhusu nyumba moja, siku moja.

Sasa chakula, maana kwa binti wa Kiislamu hilo ndilo kubwa, na umepangiwa mji wenyewe hasa. Bologna Waitaliano wenzao wanauita "mnono", na unono huo kwa sehemu kubwa ni kitimoto. Mortadella, soseji nene ya nguruwe, ni ya hapo. Tortellini, vile vifundo vidogo vya unga vinavyoelea kwenye supu, kwa asili ndani yake mna nguruwe wa namna tatu. Ule mchuzi mzito wa nyama wa kupakia tambi pana, nyama yake kuu ni ng'ombe lakini unaanziwa na mafuta ya tumbo la nguruwe na mara nyingi hutiwa mvinyo. Hata mkate bapa wa piadina, unaofanana sana na chapati na utakaokuvutia kwa sababu hiyo, kwa desturi hukandwa na mafuta ya nguruwe. Uliza uliokandwa na mafuta ya zeituni, upo. Kwenye vitamutamu kuna tiramisù, ambayo mara nyingi hutiwa kilevi, na zuppa inglese ya huko inalowekwa kwenye kileo chekundu.

Ukimwambia mama wa Bologna "sili nguruwe" kwa kifupi, ataelewa huli kipande cha nyama ya nguruwe. Hatafikiria mafuta yaliyo kwenye mkate, wala supu. Si ujanja wala dharau, kwake ile si nyama, ni kiungo. Kwa hiyo mwandikie mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, tena kwa vitu vyenyewe: sili nguruwe wala mafuta yake (kwa Kiitaliano strutto), sili prosciutto, pancetta, guanciale wala mortadella (zote ni nguruwe), situmii pombe hata iliyopikwa. Kisha, na hili usilisahau, andika unachokula: mayai, samaki, dengu, maharage, mboga, jibini, wali. Mpishi akiorodheshewa makatazo matupu anaogopa; akijua unachokula anaanza kupanga. Bologna ileile ina tortelloni wakubwa wa jibini laini na spinachi, wanaoliwa kwa siagi na majani ya seji, na hawana nyama kabisa. Kuna tambi za nyanya, kuna dengu, kuna samaki. Hutakufa njaa.

Kuhusu nyama ya ng'ombe na kuku, amua mwenyewe mapema msimamo wako ni upi, kisha usiubadilishe kila wiki. Kama unataka halali tu, mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni kuu ya treni, umejaa wahamiaji na una mabucha ya Kiislamu. Kuna wasichana niliowashauri wanunue kuku wao, wamkabidhi mama, wapike pamoja Jumamosi. Imefanya kazi vizuri kuliko maelezo yoyote ya fiqhi mezani.

Halafu siku utakapokumbuka ugali: ulizia unga wa mahindi wa polenta. Wa kawaida ni wa njano na una chenga. Chukua uliosagwa laini. Kaskazini mashariki, upande wa Veneto, wana polenta nyeupe, na hiyo ukiisonga ikakaza hutatofautisha sana na sembe ya nyumbani. Mama atakwambia unaiharibu kwa kuikaza namna hiyo. Mwache aseme.

Ramadhani ya 2026 na ya 2027 zote zinaangukia Februari na Machi, na kwako hiyo ni nafuu. Siku ni fupi bado. Jua la Bologna wakati huo linazama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni. Shida iko kwenye meza. Chakula cha usiku kwao ni saa mbili, pengine moja na nusu. Usimwombe mama arudishe nyumba nzima nyuma kwa saa mbili, mwezi mzima. Fungua kwa tende, maji na supu ukiwa peke yako, sali, kisha kaa nao mezani saa mbili ukiwa na nafasi tumboni. Daku jipangie jioni: mtindi, mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, vyote kwenye bakuli moja ndani ya friji ambalo mama amekuonyesha. Alfajiri usitumie mashine ya kusagia wala birika linalopiga mluzi. Kuta za fleti za Italia zinapitisha sauti, na jirani wa chini ana haki zake. Waeleze kabla mwezi haujaandama, la sivyo siku ya kwanza utakaposema huli mchana watampigia daktari.

Wiki ya kwanza ya Ramadhani ndiyo wiki ambayo utalia, nakwambia ukweli. Jioni saa kumi na moja hakuna adhana, hakuna harufu ya vitumbua, watu wanapita na mbwa wao kama kawaida. Misikiti ipo, lakini mingi ni kumbi za kawaida tu zisizo na mnara, kwa hiyo tafuta mapema wanafunzi Waislamu wa chuoni, Wamoroko, Wapakistani, Wabangali, ili angalau mara moja kwa wiki ufuturu na watu.

Turudi mezani, maana humo ndimo uhusiano unamojengwa au kubomolewa. Kwetu sufuria ya wali ina chakula cha watu sita na wa saba akitokea anakula. Akichelewa, tunafunika na mkaa juu. Pasta haina subira hiyo. Fikiria mama yako wa Bologna saa moja na dakika hamsini usiku: maji yanachemka kwa kelele, ameshatupa chumvi ya mawe, mkononi ameshika pakiti na pembeni kuna mizani ndogo ya jikoni. Anapima gramu 80 kwa kichwa, au 100 kwa mwenye njaa. Nyinyi watatu ni gramu 240, hakuna zaidi. Anasubiri ujumbe wako ndipo aitumbukize, kwa sababu ikishaingia ina dakika tisa, kumi na mbili ikizidi, na baada ya hapo kila dakika inayopita inaharibika. Binti anayeingia saa mbili na robo akisema samahani foleni, amewalisha watu wawili tambi zilizolainika kama uji, na kwa Mwitaliano hilo ni kosa la kukumbukwa. Anayekuja na rafiki bila taarifa amegawa gramu 240 kwa wanne.

Basi kaa na sheria hii: kila siku, kabla ya saa kumi na moja jioni, tuma ujumbe. Nakuja, siji, nitachelewa nusu saa. Maneno mawili yanatosha. Rafiki akitaka kuja, uliza jana yake. Sijaona binti aliyefuata hili akafukuzwa kwenye nyumba, hata kama chumba chake kilikuwa kama kibanda cha kuku.

Mezani kuna mambo madogo utayaona mwenyewe siku ya pili. Siku za kawaida ni sahani moja na mboga. Jumapili mchana ni hatua kwa hatua: pasta kwanza, kisha nyama au samaki na mboga, kisha matunda, kisha kahawa. Ukishiba kwenye pasta umekwisha. Kwa hiyo Jumapili kubali kidogo, na ukisukumiwa zaidi sema "basta così, grazie", yaani inatosha, asante, ukitabasamu, ukirudia mara ya tatu wanakuacha. Na wakianza kupandishiana sauti, mikono hewani, mama na binti, usishike simu kumwandikia baba kwamba kuna ugomvi. Wanajadili nani alisahau kununua limau.

Umeuliza umwiteje. Sawa, kwa mtoto aliyefundishwa shikamoo, kumwita mtu wa umri wa bibi yako kwa jina kavu ni kama kumtemea mate. Waitaliano nao wana njia ya katikati: "signora" kisha jina lake la kwanza. Anza hivyo, na tumia "Lei", ile nafsi ya heshima, mpaka mwenyewe akuambie uache. Atakuambia, pengine jioni ileile. Binti yake mwite jina tu tangu mwanzo. Asubuhi "buongiorno", ukitoka "ciao" au "arrivederci", ukirudi usipite kimyakimya kuelekea chumbani. Pitia jikoni, salimia, sema siku ilikuwaje hata kwa Kiitaliano kilichovunjika. Dakika kumi hizo za jikoni zina thamani kuliko zawadi yoyote. Mitihani mingi ya vyuo vya huko ni ya kuongea, alama zinaanzia 18 za kufaulu hadi 30, na nimeona mama waliostaafu wakikaa na kitabu mapajani wakimsikiliza mwanafunzi akijieleza mpaka usiku. Huwezi kupata mwalimu wa bure kama huyo kwenye chumba cha kupanga.

Nyumba yenyewe nayo ina masharti yake, na mengi chanzo chake ni bili. Hakuna LUKU, umeme na gesi vinakuja kama deni baadaye, na ni ghali. Nyumba ya kawaida ina mkataba wa kilowati tatu: mashine ya kufulia, oveni na draya ya nywele vikiwaka pamoja, swichi inajizima na nyumba nzima iko gizani. Wengi hufua usiku au Jumapili kwa sababu kwenye mikataba mingi bei ya umeme inashuka saa hizo. Kupasha nyumba joto kunaongozwa na sheria: Bologna ni kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, saa zisizozidi 14 kwa siku, nyuzi 20 na nyongeza ya mbili tu. Kwa hiyo ukisikia baridi usiku, mama si mkatili. Vaa soksi, omba blanketi. Na tarehe 15 Aprili hita zinazimwa hata kama kunanyesha.

Kuoga mara mbili kwa siku, mazoea yetu ya Tanga, ni suala la kuongea. Maji ya moto yanatokana na gesi. Mweleze kwamba umezoea asubuhi na jioni na kwamba mara moja itakuwa ya haraka. Wengi wanakubali, wanachokichukia ni bafu la dakika ishirini lisiloelezwa. Upande wa twahara utafurahi: sheria ya Italia ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na angalau bafu moja lenye bide, beseni la chini lenye bomba la kujisafishia, kwa hiyo maji yapo, hutahangaika na chupa kama wenzako walioko nchi nyingine za Ulaya. Miguu ya udhu itie kwenye hiyo hiyo bide badala ya kuipandisha kwenye beseni la uso, kisha futa sakafu. Ukitembea peku nyumbani utaambiwa utaugua. Nunua ndara za ndani siku ya kwanza. Nywele mbichi nje ya nyumba, hali kadhalika. Hawana utani na upepo.

Karatasi sasa, na hapa usizembee. Mama anatakiwa kisheria kutoa taarifa kwa maandishi kwa mamlaka ya polisi, ndani ya saa 48, kwamba amempokea mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Wanaozoea kupokea wanafunzi wanajua. Mpya huenda hajui, mkumbushe kwa upole na uombe nakala, kwani utaihitaji kuonyesha unakoishi. Wewe mwenyewe, kwa kuwa unakaa zaidi ya siku 90, una siku nane za kazi tangu kuingia Italia kuomba kibali cha kuishi, permesso di soggiorno. Unachukua bahasha ya fomu posta, kwenye matawi yenye dirisha la Sportello Amico, unajaza, unarudisha hapo hapo. Jiandae na euro 116.46: stempu ya ushuru ya euro 16 inayouzwa kwenye duka la sigara lenye alama ya T, euro 30 za posta, 30.46 za kadi na 40 za mchango wa kibali kisichozidi mwaka. Posta watakupa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Picha ya hijabu inakubalika mradi uso wote uonekane. Kadi yenyewe huchelewa. Kuna wanaoipata wakiwa wanafunga mabegi. Hiyo risiti ndiyo kitambulisho chako, tembea nayo pamoja na nakala ya pasipoti.

Bima: tangu 2024 mwanafunzi anayejiunga na huduma ya afya ya serikali analipa euro 700 kwa mwaka, na mwaka wao ni Januari hadi Desemba, haukatwi nusu. Kwa miezi mitano bima binafsi ni nafuu, na ya viza lazima ifike angalau euro 30,000 za matibabu.

Nisipokuambia kuhusu rangi yako nitakuwa nimekudanganya. Utaangaliwa. Karani atakuongelesha kwa nafsi ya mtoto huku anayekufuata kwenye foleni akipewa heshima. Polisi wa stesheni watakuomba karatasi wewe na kumpita mwenzako mweupe; waonyeshe, ni sheria, usibishane pale. Nyumbani maswali yatakuwa ya namna nyingine, yasiyo na ubaya: kama kuna simba mtaani, kama nywele ni zako. Waitaliano wengi wameshakuja likizo Zanzibar au Malindi, na jirani mmoja hatakosa kukuambia hakuna matata kila mkionana kwenye lifti mpaka Julai. Maswali ya ujinga yajibu kwa ukarimu mara ya kwanza. Ya dharau, sema palepale kwamba yamekuumiza. Ukinyamaza, hawatajua.

Yapo pia mambo ambayo hayavumiliwi hata kwa heshima. Mtu kushika pasipoti yako. Kufanywa mlezi wa wajukuu au mfanyakazi wa ndani, kwa sababu wewe ni mwanafunzi mgeni na kazi hizo zina mikataba yake. Chakula kupunguzwa tofauti na mlichokubaliana. Mtu yeyote kuingia chumbani bila kubisha, hasa mwanamume. Hapo usisubiri mwezi uishe. Mwandikie mratibu wa chuo siku hiyo hiyo, barua pepe yenye tarehe, na umwombe nyumba nyingine. Kubadilishiwa familia ni jambo la kawaida na halikupunguzii chochote chuoni. Hatari ya kweli ni namba 112, na kwa ukatili dhidi ya wanawake kuna 1522. Mpe baba namba ya mratibu na anwani kamili ya nyumba kabla hujaondoka, na mwombe mama wa Bologna mpige simu ya video, wazee wawili waonane sura. Hata wasipoelewana neno moja, baba atalala.

Zawadi usijitwishe mzigo. Karafuu, mdalasini na iliki vilivyokaushwa na kufungwa vizuri, kahawa ya Kilimanjaro (watainywa kwa udadisi na kusema yao ni bora, usijali), korosho, na kanga. Kanga chagua jina lake kwa makini, kwa sababu swali la kwanza litakuwa maandishi haya yanasemaje, na zile za mafumbo ya mke mwenza sijui utazieleza vipi kwa Kiitaliano cha miezi miwili. Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, Umoja wa Ulaya hauruhusu kwenye mizigo ya abiria. Embe pia hapana, bila cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende zinapita. Samaki mkavu wa matumizi yako anaruhusiwa kisheria. Lakini papa wa Tanga, mwanangu, ndani ya fleti iliyofungwa madirisha mwezi wa Februari, mwache nyumbani.